Majibu Matatu ya Uongo

Walinipa jiko la gesi, vitenge viwili na maua ya plastiki. Wakaimba, mwalimu mkuu akasema nimelitumikia taifa kwa uaminifu, tukala wali kwa kuku, nikarudi nyumbani kwangu Kawajense, hapa Mpanda mjini. Asubuhi yake niliamka kama kawaida, nikaoga, nikavaa, nikachukua mkoba, nikafika mpaka mlangoni ndipo nikakumbuka kwamba siendi popote. Sasa kuna walimu wawili wapya pale shuleni, vijana wazuri tu, wameniomba niwaandikie nilivyofundisha Kiingereza miaka yote hiyo. Nimewakubalia. Ila habari za madaraja na mishahara hamtazikuta humu, kila mwalimu anazijua na zinatia hasira.

Mimi ni mtoto wa Kibaoni, kwa Wapimbwe walima mpunga, binti wa katekista. Shule niliyopangiwa ilikuwa upande wa Magamba, na nilifika juu ya lori la mahindi na godoro langu limefungwa kwa kamba. Kesho yake mwalimu mkuu wa wakati huo alinikabidhi Kiingereza cha madarasa yote ya juu. Nilidhani ni heshima. Baadaye nikajua kuwa hakuna mwingine aliyekitaka.

Niliingia darasa la tano nikasema kwa Kiingereza, habari za asubuhi. Wakajibu wote kwa pamoja, "Yes, madam!" Nikauliza jina la mtoto wa mbele. "Yes, madam!" Nikauliza nani kavunja dirisha. "Yes, madam!" Nilicheka mwenyewe, halafu nikaingiwa na huzuni. Wale watoto nyumbani walisema Kisukuma, Kibende, Kikonongo. Kiswahili chenyewe walikikuta shuleni, na mimi nilikuwa nimewaletea mzigo mwingine juu ya ule.

Aliyeniokoa ni Mwalimu Deo, Mfipa mmoja mrefu aliyekaribia kustaafu, kikohozi chake kilisikika kabla hajafika. Alikaa nyuma ya darasa langu siku moja, akanisubiri nje. "Skolastika," akaniambia, "wewe unauliza jibu lipi ni sahihi. Acha. Jibu sahihi mtoto anaweza kuliokota tu njiani. Swali likiwa na majibu manne, mwambie akueleze kwa nini yale matatu ni ya uongo. Hapo ndipo utajua kama anajua au anabahatisha." Nikalishika hilo neno. Nimefundisha nalo mpaka siku ya jiko la gesi.

Halafu kulikuwa na kazi za nyumbani. Jamani, kazi za nyumbani! Mwanzoni nilitoa maswali kumi, zikarudi daftari zote zimekosea mahali palepale, kwa maneno yaleyale. Nikafuatilia. Kumbe kitongoji kizima kilikuwa na kijana mmoja aliyewahi kufika kidato cha pili, na jioni watoto walipanga foleni kwake. Yeye naye hakutaka kuaibika, akajibu yote kwa kujiamini. Sikumgombeza, maana alikuwa anajitolea kuliko mtu yeyote wa pale.

Na vitabu vyenyewe havikusaidia. Maswali yalikuwa ya familia iliyokwenda ufukweni na mbwa wao, mbwa anayelala kitandani. Baba wa mtoto wa kitabuni alikuwa rubani. Katika miaka yangu yote sijamfundisha mtoto hata mmoja ambaye baba yake ni rubani, na mbwa wa kwetu analala zizini na ng'ombe.

Ndipo nikaanzisha baraza. Mchana baada ya masomo, mwenye swali la Kiingereza lililomshinda anakuja kibarazani kwangu, nyumba ya mwalimu, anakaa kwenye mkeka. Natandaza mahindi. Mikono inapukuchua, mdomo unaeleza kwa nini majibu matatu ni ya uongo. Mikono ikiwa na kazi mtoto haogopi kusema, hilo nililigundua mwenyewe. Kijijini wakasema madam amepata njia ya kupukuchuliwa mahindi bure. Hawakukosea sana, mahindi yalikuwa yanapukuchuliwa kweli.

Baraza hilo ndilo lililomleta Milembe.

Baba yake, Mzee Jilala, alishuka kutoka kaskazini na ng'ombe wake, akajenga ng'ambo ya mto. Alikuwa na wake wawili, na Milembe alikuwa mtoto wa kwanza wa mke wa pili. Ndiyo maana tulimwita yule mwanamke Mama Milembe. Mtoto alitembea kwa miguu kila siku kwenda na kurudi, na wakati wa mvua alivuka maji na viatu kichwani. Hesabu alikuwa nazo kichwani. Kiswahili alikiandika vizuri kuliko watoto waliozaliwa nacho. Kiingereza ndicho kilichokuwa kinamsumbua. Alipoingia darasa la saba, akawa hakosi barazani.

Siku moja akaniuliza, "Madam, yule anayechanja ng'ombe, kama ni mwanamke bado anaitwa bwana mifugo?"

"Kwani unamjua mwanamke anayechanja ng'ombe?"

"Bado," akasema, "ila mimi nitakuwa."

Nikamwambia basi tutakuita bibi mifugo. Tulicheka mpaka wenzake wakaacha kupukuchua. Tangu siku hiyo nilimwombea yule mtoto kama ninavyowaombea wa kwangu. Nilitaka aende sekondari. Nilikuwa sijataka kitu kwa nguvu hivyo kwa muda mrefu.

Na jinsi alivyokuwa anajifunza! Watoto wengine wanavumilia yale majibu matatu ya uongo ili nifikie lile la kweli niwaache waende kucheza. Milembe aliyapenda. Aling'ang'ania. "Madam, kwa hiyo hili ni la uongo kabisa? Haliwezi kuwa sahihi hata kidogo?" Nikimhakikishia, anatulia, anachukua hindi lingine. Nilisema moyoni, Mungu asante, kabla sijastaafu nimempata mmoja anayefikiri.

Ukaja mtihani wa mock, ule wa kuwapima kabla ya ule wa taifa. Tulisahihisha wenyewe. Nilifika kwenye karatasi ya Milembe nikaweka mkasi wa kosa, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikaendelea. Alikuwa amekosa yote. Nikarudia kuangalia kama amesiliba mstari usio wake, maana vile vijiduara vya kupaka penseli huwa vinawachanganya. Hakuwa amekosea mstari.

Nyie vijana, sikilizeni hapa. Mtoto asiyejua chochote, akisiliba macho amefumba, atapatia kadhaa. Bahati haimwachi mtu kiasi hicho. Anayekosa yote ni yule anayejua kila jibu la kweli, akalikwepa. Mwalimu wa hesabu alikuwa meza ya pili, akashika kichwa. "Madam, mtoto wangu bora kapata sifuri!" Tukatazamana. Nikaweka kalamu chini.

Jambo lenyewe huku kwetu si geni. Kuna wazazi humwambia mtoto akafeli, ili abaki na ng'ombe au aolewe. Zamani watoto hao walikuwa wanaacha karatasi tupu, na mzazi anaitwa kwa mtendaji wa kijiji kujieleza. Basi wakaacha kuacha wazi, wakawa wanasiliba ovyo. Lakini sifuri ya namna hii, iliyotafutwa kwa bidii, nilikuwa sijaiona.

Nilimwita Milembe barazani peke yake. Nikatandaza mahindi kama kawaida, nikamsomea maswali yale ya mock kwa mdomo. Akajibu. Kila swali akalijibu sawasawa, na sababu juu. Nikamwambia, "Haya. Sasa niambie."

Akapukuchua mpaka hindi likaisha. "Baba kasema nikifaulu, mama arudi kwao."

"Kwao wapi?"

"Kule tulikotoka. Sisi tubaki kwa mama mkubwa. Na Holo hajaachishwa ziwa." Holo alikuwa mdogo wake wa mwisho.

"Mama anajua?"

"Hajui. Usimwambie, madam. Akijua atasema nifaulu."

Nikamuuliza kwa nini asisilibe ovyo kama wengine. Akanishangaa. Akasema kuna msichana wa jirani aliyeambiwa afeli, akasiliba ovyo, akachaguliwa, na mama yake akapigwa mpaka akalazwa. Ndivyo ilivyo huku. Sekondari ya kata ina nafasi, na wapo wanaochaguliwa hata wao wenyewe hawajui wamefanyaje. Milembe alikuwa ameliona hilo akaliogopa.

"Na kwangu," nikasema, "umekuja siku zote hizi kufanya nini?"

Aliinamisha kichwa. "Masomo mengine nilikuwa najua kukosa, madam. Kiingereza nilikuwa sijui. Ningebahatisha, ningeweza kupatia."

Nimekaa na maneno hayo miaka. Wenzangu huniuliza kama najilaumu. Sijilaumu, nilifundisha vizuri. Nilichosikia siku ile kilikuwa ni hasira, na haikuwa na mahali pa kwenda.

Nilibembeleza, nikatisha, nikabembeleza tena. Nikamwambia ajibu anavyojua, ya baba yake tutayashughulikia sisi watu wazima. Akasema nyie mtakuja siku moja na kuondoka, mama anakaa pale kila siku. Katika kuhangaika nikasema bila hata kufikiri, "Mtoto, unaogopa mpaka jibu moja? Somo moja halimchagui mtu! Hata ukilipata lote, kama mengine umefeli, huendi popote." Nilitaka tu aone kwamba hofu yake imezidi. Akaniangalia, akauliza, "Kweli, madam?" Nikasema kweli. Akachukua hindi lingine.

Tulikwenda kwa Mzee Jilala, mimi, mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kitongoji. Alitupokea vizuri mno. Viti vikatoka, maziwa mgando yakatoka. Nilimuamkia Kisukuma kidogo ninachokijua, "Mwangaluka," akafurahi. Mwalimu mkuu akaeleza mambo ya haki ya mtoto na sheria. Mzee akasikiliza mpaka mwisho.

"Walimu," akasema, "mimi niliwaletea vijana wawili, watoto wa mke mkubwa. Mkawapeleka sekondari. Wamerudi. Ng'ombe hawazijui, kazi hawana. Mmoja yuko Mpanda anaendesha bodaboda ya watu. Huyu binti akienda atapanga chumba kule, na watoto wenzake, hakuna mtu mzima. Atarudi na mimba. Na akirudi na mimba mtakuja kunifunga nani? Mimi."

Hilo liliniuma, maana kuhusu vyumba vile alikuwa anasema kweli. Wasichana wetu wanapanga vyumba karibu na shule, wanajipikia, wanajilinda wenyewe, na wengine hawamalizi.

"Lakini kumtishia mtoto kwa mama yake!" nikasema. Sauti ilinipanda.

"Mke ni wangu, mwalimu." Hakupandisha ya kwake. "Na mtihani sijamzuia. Siku ikifika ataenda. Akifeli, ni kosa langu au la anayefundisha?"

Mwenyekiti akatazama chini. Njiani nilimwambia tupeleke shauri polisi, akaniuliza tunampeleka kwa kesi gani, ya mtihani ambao haujafanyika? Mwalimu mkuu akasema ataandika taarifa. Aliandika, nadhani. Mkubwa wa juu aliyeipata hakuwahi kuja.

Kabla hatujaondoka, Mama Milembe alinisindikiza mpaka nje ya zizi, Holo mgongoni. Mwanamke mwembamba, anacheka kwa kuficha meno. "Mwalimu, eti Milembe ana akili?"

"Anazo," nikasema. "Anazo nyingi."

"Basi atafaulu," akasema. Alikuwa na furaha. Nilimwangalia, nikamkumbuka yule mtoto aliyenisihi, nikamuaga bila kumwambia.

Siku za mtihani wa taifa sisi walimu wa shule haturuhusiwi kusogea, wasimamizi wanatoka kwingine. Nilikaa nyumbani kwangu, sikula. Siku ya mwisho watoto walipita wakipiga kelele za kumaliza shule. Milembe alisimama.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba. Imekuwaje?"

"Nimefanya ulivyosema."

Nilikuwa nimesema mengi. Moyo wangu ulichagua lile nililolitaka, kwamba amejibu anavyojua, kwamba ameamua. Nikamkumbatia pale barabarani. Alinuka maziwa na moshi. Nilirudi ndani nikapika ugali nikala.

Matokeo yalipotoka, mwalimu mkuu alipanda kwenye kichuguu nyuma ya ofisi, ndipo mtandao unaposhika, sisi tukasimama chini. Akasoma majina moja moja. Akafika kwa Milembe. Kiswahili, E. Hisabati, E. Sayansi, E. Maarifa, E. Uraia, E. Kiingereza, akasogeza simu karibu na macho.

"Kiingereza A," akasema. "Hakuchaguliwa."

Ilikuwa A pekee ya Kiingereza shule nzima. Mwalimu mmoja akasema huyu kaangalizia. Mwalimu wa hesabu akamuuliza, kaangalizia kwa nani, wakati hakuna mwingine aliyeipata? Wakabishana. Mimi nilikuwa nimeshaelewa. Somo moja halimchagui mtu. Alikuwa ametafuta nafasi ambayo haitamgharimu mama yake kitu, akanilipa humo. Nilikaa chini pale kwenye kichuguu, mwalimu mzima na kitenge changu cha kazini, nikalia kwa sauti. Walidhani nalia kwa furaha ya ile A.

Akaolewa baada ya mavuno. Ng'ombe zilipita jirani na shule kwenda kwa Mzee Jilala, darasa la sita wakazihesabu dirishani. Waliomuoa ni watu wa kuhamahama, wakashuka naye upande wa Rukwa. Mwaka huohuo wakubwa wa elimu walituuliza mikakati ya kuongeza ufaulu wa Kiingereza. Niliandika mikakati. Mabango, klabu ya Kiingereza, siku ya kuongea Kiingereza. Wakanisifu.

Sikuacha njia ya Mwalimu Deo. Mnaweza kudhani ningeiogopa, lakini nifundishe nini kingine? Niliongeza kitu kimoja tu. Mtoto akikosa mengine na kupatia mengine, nilimfundisha. Akikosa yote, niliweka chaki chini, nikamuuliza nyumbani kukoje. Wawili hivi niliwawahi. Wengine sikuwawahi.

Sasa nimestaafu, na bado wanakuja. Watoto wa hapa Kawajense wana simu za kaka zao, wanapiga picha swali, jibu linakuja. Wanakuja kwangu kwa sababu mwalimu wao amewauliza kwa nini, na simu imewachanganya kwa maelezo marefu. Nina mkeka uleule. Mahindi sasa nanunua sokoni, lakini nanunua yenye magunzi. Jirani yangu anashangaa, anasema kuna ya kupukuchuliwa tayari na bei ni karibu sawa.

Juzi mchana alikuja mwanamke na mtoto wa shule, msichana mwenye sare kubwa kuliko yeye. "Mwadila, mwalimu," akaniamkia Kisukuma. Nilimjua kwa ule mkono uliokwenda mdomoni kuficha meno.

"Mama Milembe!"

Akakaa. Nikamletea maji, akanywa yote. Akaniambia yuko mjini hapa, amepanga chumba, anauza karanga. Nikamuuliza Mzee. Akasema Mzee yuko kwake na ng'ombe zake. Watoto wengine wamebaki kule, hakupewa. Huyu alimtoa asubuhi kama anampeleka kisimani, hawakurudi.

"Milembe aliniambia," akasema. "Nilienda kumlea uzazi wake wa kwanza. Akaniambia usiku wa uchungu, alidhani anakufa." Alisema taratibu, anaangalia mkeka. "Mimi nilikuwa nasema mwanangu hana akili. Nilimwambia hata yeye. Nilimwambia, mwalimu alinidanganya, wewe huna akili."

Nilimshika mkono, mkono mgumu, wenye chumvi ya karanga.

"Sasa nimeondoka mwenyewe," akasema. "Mzee hana tena mtu wa kumrudisha kwao."

Yule mtoto alikuwa ameshakaa. Ni Holo, yule wa mgongoni, yuko darasa la nne. Alikuwa amefungua kitabu chake mapajani, kile cha familia iliyokwenda ufukweni, baba bado ni rubani. Akaweka kidole kwenye swali, akaniangalia kwa woga. Nikampa hindi.

"Hajui kitu huyu," mama yake akasema. "Mfundishe kama ulivyomfundisha yule. Akikosa, basi akose kwa kutojua."